Nyayo za Njano Mpaka Jikoni kwa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu ana ukoka wake. Ni zulia la kijani chini ya mwembe, kutoka lango la shamba hadi mlango wa jiko la makuti, na ndipo anapotandika mkeka wageni wakija. Nyuma ya mwembe kuna ekari moja, karibu na mto Sabaki huku Malindi, na mwezi wa Mei nilijitolea kuipulizia dawa ya magugu kabla ya kupanda mahindi. Nilijitolea kwa mbwembwe, maana mimi ndiye huwafundisha wenzangu kupiga bomba la mgongoni.

Hesabu ilikuwa sawa. Unapima mraba wa mita 10 kwa 10, unatia maji matupu kwenye bomba, unapulizia mraba huo kwa mwendo wako wa kawaida, kisha unaangalia yamepungua kiasi gani. Yakipungua lita 2, hekta itakunywa lita 200 na ekari kama lita 80, yaani mabomba manne ya lita 20. Dawa yenyewe, glifoseti ya gramu 360 kwa lita, kwa magugu machanga ya msimu, ni mililita 200 kila bomba. Mpaka hapo ningepewa cheti.

Kasoro ilianza kwenye saa. Mchana kusi huvuma kana kwamba ina ugomvi na mtu. Tone likitoka kwenye nozeli lishafika kwa kunde za jirani. Basi saa kumi na mbili alfajiri nilikuwa shambani na sweta, meno yanagongana. Nilikumbuka kwamba dawa hii haipendi baridi, nikajiona mjuzi. Lakini baridi hiyo ni ya Ulaya, ya nyuzi chini ya 10, ambapo gugu hulegea likawa halivuti dawa kwenda mizizini. Malindi hata Julai usiku ni karibu nyuzi 22. Aliyeona baridi ni mimi na sweta langu, gugu halikuwa na habari.

Nilichokidharau ni umande. Dawa hii huingia kwa jani, na jani lililolowa ni sahani iliyojaa mchuzi: ukiongeza, unamwagika. Ukiliinamisha jani maji yakachirizika, rudi ukalale. Nami haya huyasema kila siku, ila siku ile nilijiambia umande ni mdogo.

Maji nayo niliyachota Sabaki, ambao msimu wa mvua una rangi ya chai ya maziwa. Tope huikamata glifoseti ndani ya bomba kabla hujapiga hata hatua. Maji ya kisima yangefaa zaidi, ingawa visima vyetu vina chokaa na hutaka mbolea ya salfeti ya amonia kwanza, gramu 200 hadi 400 kwa bomba, ukoroge iyeyuke ndipo utie dawa. Ila kisima kiko upande wa pili wa nyumba, na uvivu ni uvivu.

Gambuti zangu ndizo zilizopata dawa ya haki. Kikombe cha kupimia kilikuwa na ufa, na kila nilipopima, dawa mbichi isiyochanganywa ilidondokea vidoleni mwa kiatu. Mara nne.

Saa mbili kasoro nikamaliza. Jikoni kulinukia mahamri na mbaazi za nazi, vya wageni waliokuwa wakija kumposa shemeji yangu. Mama mkwe yuko kisimani. Nilivua glavu, nikanawa mikono na uso kwa sabuni mara mbili, maana mtu hagusi chakula ana dawa mwilini. Gambuti nikaziacha mlangoni, kwa adabu. Nikala mahamri sita. Natoka tu, manyunyu yakaanza, na dawa hutaka saa 4 hadi 6 bila mvua.

Kosa la mahamri alibebeshwa paka. Alipigwa ufagio mmoja ambao nami niliusikia mgongoni.

Sasa, glifoseti haiui papo hapo. Huuzuia mmea kujitengenezea protini, ukadhoofika polepole. Rangi hugeuka kati ya siku ya 7 na ya 10. Siku ya nane nikaitwa.

Shamba lilikuwa limestawi, magugu yamenenepa. Ukoka ndio uliokuwa na maandishi. Chini ya mwembe umande haushuki na manyunyu hayapenyi, kwa hiyo majani yalikuwa makavu na dawa ya gambuti ikakaa ikaingia barabara. Kushoto, kulia, kushoto, nyayo za njano mpaka meno ya soli yanahesabika, vidole vimeelekea jikoni. Mlangoni palikuwa na jozi moja imesimama sambamba, njano kuliko zote, pale gambuti zilipomngoja bwana wao. Za kurudi zilikuwa hafifu, za hatua ndefu ndefu.

Mama mkwe akatia kandambili yake ndani ya unyayo mmoja. Ikapwaya.

"Mwanangu, kumbe huyu paka wangu avaa gambuti?"

"Shikamoo, mama," nikasema, na nilikuwa nimeshamwamkia.

Nikarudia kazi saa nne asubuhi, majani yamekauka, maji ya kisima, kikombe kipya. Kwa ajili ya kusi nilipunguza presha ili matone yawe makubwa, nikashusha nozeli, nikaivisha kofia niliyoikata kwenye kitako cha mtungi wa plastiki. Wiki ya tatu ekari nzima ilikuwa kahawia. Mahindi yalichelewa, lakini yalipandwa.

Nyayo nazo zikawa rangi ya makapi. Wageni waliporudi kuzungumzia mahari, mzee mmoja akaziangalia sana, akauliza ni njia ya wapi hiyo.

"Ya paka," akajibu mama mkwe, akanisogezea sahani ya mahamri mbele ya watu wote.