Sisimizi Wasiotoka Nje ya Gome

Orodha ya sisimizi iliyokusanywa kwa vikombe vilivyofukiwa ardhini na chambo cha sukari ina pengo. Kwenye miti mingi ya Afrika pengo hilo ni Melissotarsus, sisimizi wa milimita 2 hadi 3 ambao wafanyakazi wao huishi ndani ya mti ulio hai na hawashuki chini kutafuta chakula.

Mweke mmoja juu ya karatasi. Atalala ubavu, apige miguu hewani, asifike popote. Miguu yake ya kati imeelekea juu: ndani ya handaki, miguu ya mbele na ya nyuma hukanyaga sakafu, ya kati husukuma dari. Kichwa kimejaa misuli ya taya, na ncha za taya zimeimarishwa kwa zinki, ndiyo maana anaweza kutafuna mti mbichi. Isitoshe, hutoa hariri akiwa amekomaa, kazi ambayo sisimizi wengine wengi wanaotumia hariri huwaachia mabuu.

Kumpata kunataka subira. Nchini Kamerun amechunguzwa sana kwenye miti ya safou (Dacryodes edulis), mti wa matunda. Bandua gome eneo la sentimita 5 kwa 5, patasi ikiwa imelazwa, ukiparua tabaka jembamba baada ya jingine. Ukiisimamisha, handaki litasagika na utaambulia vichwa na miguu. Tundu likifunguka, ngoja: wafanyakazi huja kuliziba kwa hariri na vumbi la mbao. Waokote kwa brashi iliyoloweshwa spiriti, kibano huwaponda.

Kinachotuudhi zaidi ni watu kutupa vidugamba, wadudu wadogo wanaofyonza mimea. Humo handakini wamo vidugamba wa jamii ya wenye ngao, ila hawa wa Melissotarsus hawana ngao. Jamii hiyo haitoi majimaji matamu, kwa hiyo jibu la haraka kwamba sisimizi huwafuga kwa ajili ya utamu halisimami hapa. Anayechukua sisimizi na kuwaacha vidugamba ameacha nusu ya habari mtini. Watie kwenye chupa yao, namba ileile, lebo ya penseli kwa kuwa wino wa kalamu nyingi huyeyuka kwenye spiriti. Andika aina ya mti na kimo kutoka ardhini.

Na fomu za utafiti ziongezwe safu moja: gome limefunuliwa, au halikufunuliwa. Pasipofunuliwa, neno "hayupo" lisiandikwe.