Mausi Imelala Chali Tena

Mausi ya kompyuta yangu imelala chali tena. Iko mbele yangu hapa, tumbo juu, waya wa chaja umeingia tumboni, na mimi mwenye duka la kuchapa na fotokopi nimekunja mikono natazamana na wateja. Mmoja kaniuliza kama duka limefungwa. Limefungwaje, bwana wee, na mlango wazi na mimi nimo ndani?

Hii ni ile Magic Mouse ya kampuni ya Apple, ya kugusa, isiyo na waya, vitufe huvioni, gurudumu hakuna. Nyeupe, inateleza. Shemeji yangu kaileta kutoka Maskati, akaiweka mezani mbele za watu: "Shem, achana na mambo ya kizamani." Ya zamani, ya waya, mtoto wangu kaichukua siku ile ile akaenda kuivuta uani kama gari. Sijaiona tena.

Wema wake nitausema, nisije nikaambiwa sina shukurani. Orodha ndefu ya majina unapitisha kidole tu, inakwenda juu, chini, kushoto, kulia, laini kabisa. Waya haupindui tena kikombe cha chai. Na wenyewe waliotengeneza wanasema ukiichaji dakika 2 unapata kazi ya saa 9. Dakika mbili! Wao wanahesabu dakika za umeme uliopo.

Maana huko nyuma haikuwa hivi. Ya namna hii ilipotoka Marekani mwaka 2009 ilikuwa inakula betri mbili za AA. Zikikwisha, unamtuma mtoto duka la Mpemba, unatia mpya, unaendelea. Ilipofika 2015 nadhani wakaona kuna watu wanaishi kwa raha sana. Wakatia betri ya kuchaji, na tundu la kuchajia wakaliweka chini, tumboni, pahala ambapo ukichaji hutumii na ukitumia huchaji. Mwaka 2024 nikasikia wamelibadilisha tundu. Nikasema alhamdulillahi, wamekumbuka. Kumbe wamebadilisha aina ya tundu tu. Pahala pake ni pale pale, tumboni.

Na huo mwaka 2009 mie nausahauje? Wenzetu wanashangilia mausi kukosa waya, sisi umeme wa kutoka bara ukatutoka Disemba, Unguja ikakaa gizani mpaka Machi 2010. Pampu za maji hazifanyi kazi, mjini kote ndoo na jenereta. Mtu aliyeishi miezi ile usimhubirie kwamba maendeleo ni kukosa waya. Sisi kisiwa kizima kinaning'inia kwenye waya uliopita chini ya bahari! Waya mmoja tu uliokuwa haujanikosea kitu ni ule wa mausi, na ndio walioniondolea.

Sasa ya jana. Kaja bi mkubwa mmoja, anataka nimjazie fomu ya pasipoti mtandaoni aende Umra na bintiye. Nikamwamkia, nikamketisha penye feni. Fomu ile ina maswali, na bi mkubwa hajibu swali, anasimulia. Mama yake kazaliwa wapi? "Makunduchi, mwanangu, lakini Kijini. Usije ukaandika Kajengwa, hao ni wengine. Halafu kalelewa Jambiani kwa khalati yake." Nikaandika. Baba, babu, yote nikaandika. Tumefika kwenye mtu wa kuarifiwa wakati wa dharura, kidole changu kimeegemea mgongo wa mausi, wallahi hakijabonya, kimeegemea tu, ukurasa ukaruka nyuma. Maana kidole kikiserereka kwenda kulia, mausi hii inafahamu kuwa umeuchoka ukurasa, inakurudisha ulikotoka. Nikarudi mbele. Fomu nyeupe, haina hata jina la mtu.

"Imekubali?"

"Bado kidogo, bibi. Hebu nikumbushe jina la babu."

"Si nimekwambia?"

"Nahakikisha tu, bibi."

Mtu wa heshima zangu, kanzu nimeipiga pasi, nitamwambiaje kwamba babu yake kapotea? Akasimulia upya, na safari hii babu akaongezewa mke. Nikaandika huku mausi nimeishika kwa kucha, ubavuni, sipumui. Tukafika tena kwenye dharura. Bi mkubwa akainama, akanyoosha kidole chake cha hina. "Ndicho hichi kinachokusumbua?" Akakipapasa kwa huruma, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia.

Ukurasa ukaenda zake.

"Bibi, usiguse!"

Sauti ile ilifika mpaka kwa muuza mkate wa kumimina, naye akanyamaza. Bi mkubwa akaniangalia kuanzia kofia mpaka makubazi.

"Mwanangu, wanikaripia mie kwa kipande cha sabuni?"

Akakusanya kitambulisho chake, cheti chake na buibui lake, akaenda kwa kijana wa duka la pili, mwenye mausi ya waya ambayo gurudumu lake limekwama tangu ianze kutumika. Katoka na karatasi yake adhuhuri haijaadhiniwa.

Mwanafunzi wa chuo naye picha yake ya pasipoti imejikuza mpaka limebaki sikio. Kalipa, lakini hakusema ahsante.

Wanasema mausi ya kwanza ya Engelbart, yule Mmarekani aliyeibuni, miaka ya 1960 kule California, ilikuwa ya mbao na ina waya. Ya mbao! Mafundi wa kuchonga milango tumejaaliwa nao hapa, na mninga upo.

Na hata hapa nilipokaa kungoja sikai kwa raha, kwa sababu muuza juisi ya miwa kaliweka jenereta lake mlangoni mwangu, moshi wote unaingia kwangu. Nimemwambia kwa upole. Kanijibu moshi unaletwa na kusi, nikazungumze na upepo. Kusi, mwezi wa Januari! Kaskazi inavuma mpaka madirisha yanagonga, na yeye baba yake mvuvi. Glasi nayo kaipandisha bei, anasema mafuta yamepanda, mafuta hayo hayo anayoyachoma puani mwangu. Na ndimu hakamui siku hizi mpaka uombe, na ukiomba anakuuliza, "Kwani wewe umekuja kununua miwa au ndimu?"