Roots ya Sepultura: Brazili iko wapi humo ndani?

Tangu Sepultura, bendi ya metali ya Brazili, watoe albamu ya Roots, Februari 1996, wapenzi wa metali wanabishania jambo moja: hii ni Brazili kweli, au ni California iliyopakwa rangi ya Brazili?

Wanaosema ni rangi tu hawabahatishi. Albamu ilirekodiwa studio ya Indigo Ranch, Malibu, California, chini ya prodyuza Ross Robinson, yuleyule aliyeitengeneza albamu ya kwanza ya Korn, bendi ya California, mwaka 1994. Jonathan Davis wa Korn anaimba kwenye wimbo wa Lookaway, mwimbaji Mike Patton yumo, na DJ Lethal anakwaruza santuri. Iweke kando ya Arise, albamu yao ya 1991, usikie: kasi imeshuka, solo za mpiga gitaa Andreas Kisser zimepungua, na rifu, yaani vile vipande vya gitaa vinavyojirudia, nyingi ni noti mbili tatu zinazosagwa kwenye nyuzi nene zilizolegezwa. Max Cavalera, mwimbaji na mpiga gitaa, hufunga nyuzi nne tu. Zile mbili nyembamba hazimo kabisa. Anayetafuta thrashi ya zamani, ile metali ya kasi, atatulizwa na wimbo wa Dictatorshit, basi.

Lakini tarehe zinawasuta kidogo. Kwenye albamu yao ya Chaos A.D. ya 1993 tayari kuna Kaiowas, wimbo usio na maneno, wa magitaa makavu, yasiyo ya umeme, na ngoma, uliorekodiwa kwenye magofu ya ngome ya Chepstow huko Wales na kupewa jina la watu wa asili wa Brazili. Robinson hakuwepo. Safari ilikuwa imeshaanza kabla ya Malibu.

Kosa ninaloliona pande zote mbili ni kuitafuta Brazili kwenye ala ngeni kwa metali. Chukua berimbau inayofungua wimbo wa Attitude: upinde wa mti, waya mmoja, kibuyu cha kukuza sauti, na kijiti cha kugongea. Asili yake ni pinde za muziki za Angola. Inasikika vizuri pale mwanzoni, kisha magitaa yanaingia na yenyewe inamezwa. Gitaa la umeme lililokorogwa sauti hujaza masafa mengi kwa wakati mmoja, na halipandi wala kushuka sauti, kwa hiyo ala nyepesi haiachiwi hata upenyo wa kupumua. Kayamba nazo hupatwa na hayohayo. Hapo nakubaliana na wapinzani: ni kionjo.

Brazili yenyewe iko mikononi mwa mpiga ngoma, Igor Cavalera. Mpiga thrashi hukimbizana kati ya ngoma ya mguu na snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali: mguu, snea, mguu, snea, na gitaa ndilo linaloongoza. Kwenye Roots Igor anahamia mara kwa mara kwenye tomu, zile ngoma za mlio wa kina, anagawa mapigo mkono kwa mkono, na gitaa linamfuata yeye. Rifu zilirahisishwa kwa sababu hiyo pia: rifu yenye noti nyingi ingeziba mapengo ambayo ngoma inayahitaji. Sikiliza Ratamahatta, aliyoshiriki Carlinhos Brown, mtu wa Salvador, Bahia, mwanzilishi wa kundi la ngoma la Timbalada. Ngoma na sauti za watu zinatangulia, gitaa linasubiri zamu yake, na likiingia linapigwa kama ngoma nyingine. David Silveria, mpiga ngoma wa Korn, naye anapiga humo, lakini mpangilio haukugeuka kuwa wa California.

Bendi nyingi zilizojaribu kuiga ziliteleza kwenye mambo mawili. La kwanza ni surdo, ngoma kubwa ya samba. Pigo lake zito hukaa kwenye hesabu ya pili, ilhali mguu wa mpiga roki umezoea kukanyaga ya kwanza. Ukiacha besi na gitaa vingurume mfululizo juu ya ile ya pili, surdo haisikiki tena, kwani wote wanagombea eneo moja, la sauti nzito, chini ya hezi 150 hivi (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde). Dawa ni kumnyamazisha mpiga besi kwenye pigo hilo, au kulikata gitaa chini ya hezi 100. La pili ni kompyuta. Mapigo madogo ya samba hayajapangwa kwa umbali sawa, yanavutana kidogo. Fundi wa sauti akiyanyoosha kwa kompyuta yalingane na gitaa, mtikisiko wote unakufa.

Wimbo wa Itsári ni kesi ya peke yake. Jina maana yake ni mizizi kwa Kixavante, na bendi ilikwenda hadi kijijini kwa Waxavante, watu wa asili wa Brazili, jimbo la Mato Grosso, kurekodi nao wimbo wa sherehe zao juu ya magitaa makavu. Wapo wanaouona kuwa ushahidi kwamba bendi ilishindwa kuchanganya, ikaamua kuuweka pembeni. Mimi naona walifanya vyema kutoubandika rifu. Ila haki ya lawama nyingine inabaki: baada ya dakika zile chache wenyeji wanatoweka karibu kabisa, huku uso wa mtu wa asili kutoka noti ya cruzeiro 1000, fedha ya zamani ya Brazili, ukiuza jalada.

Na wanaodhani dawa ingekuwa kuondoa magitaa na kuacha ngoma tupu, albamu inawajibu yenyewe. Mwishoni kabisa kuna Canyon Jam, ngoma zinazopigwa nje, bondeni, kwa zaidi ya dakika 10. Wengi hawaimalizi.