Redio ya Pili ya Nyumbani Haihitaji Intaneti

Katika nyumba nyingi za Mtwara redio ya pili haipangwi. Msimu wa korosho ukienda vizuri, sebuleni huingia sabufa mpya, na ile amplifaya ya zamani pamoja na spika zake za mbao huhamishiwa chumbani, uani au barazani, ambako hukaa na waya zake zikining'inia bila kuunganishwa na chochote. Spika zipo, amplifaya ipo, na pengine sauti yake ni nzuri kuliko ya kifaa kipya kilichoipokonya nafasi, lakini hakuna aliyefikiria muziki wenyewe utatoka wapi. Wengi hulijibu swali hilo kwa haraka, ama kwa kununua kile kibao kidogo cha saketi cha bluetooth na flashi kinachouzwa kwa mafundi, ama kwa kuunganisha simu ile ile wanayotembea nayo mfukoni, na baada ya muda mfupi redio ya pili inarudi kuwa mahali pa kuwekea vyombo.

Kwa maoni yangu, chanzo cha muziki kinachofaa zaidi kwa redio ya namna hiyo, kwa mtu asiyetaka kutumia fedha nyingi, ni simu ya zamani ya Android iliyostaafishwa, yenye tundu la hedifoni na nafasi ya memori kadi, iliyounganishwa na amplifaya kwa waya na kuachwa hapo hapo siku zote. Kioo chake kinaweza kuwa na ufa, kamera yake inaweza kuwa imekufa, na laini haihitajiki kabisa. Kinachotakiwa ni mambo mawili tu: isome kadi vizuri, na tundu la hedifoni lisiwe limelegea.

Naanza na neno "kuachwa", maana hapo ndipo watu wengi wanaponipinga. Wananiambia kwamba simu ya mfukoni inafanya kazi ile ile bila gharama yoyote, na kwa upande wa sauti hawakosei. Lakini redio ya pili ni ya watu wote wa nyumbani. Chanzo chake kikiwa simu ya baba, baba akitoka kwenda Mikindani muziki umeondoka naye, na akiwepo nyumbani kila anayempigia simu anaukatiza wimbo. Mama aliyeko jikoni, shangazi aliyekuja kutoka Newala na watoto waliorudi shule wote inabidi waombe ruhusa kwanza. Chanzo kinachokaa mahali pamoja, ambacho mtu yeyote anaweza kukigusa bila kuomba, ndicho kinachofanya redio hiyo itumike kila siku.

Kwa nini basi simu hiyo isiunganishwe na intaneti ikasikiliza Boomplay, au Spotify iliyofika Tanzania mwaka 2021? Hesabu yake ni rahisi. Muziki wa kilobiti 128 kwa sekunde, ambao ni wa ubora wa kawaida, hula megabaiti 58 hivi kwa saa. Nyumba inayosikiliza saa tatu kwa siku itatumia zaidi ya gigabaiti 5 kwa mwezi, na ikipandisha ubora hadi kilobiti 320 itafikia karibu gigabaiti 13, kwa ajili ya redio ya uani. Anayefungulia video za YouTube ili asikilize sauti tu anatumia zaidi, kwa sababu analipia picha ambazo hakuna anayeziangalia. Mwenye intaneti ya mwezi isiyo na kikomo yuko katika hali nyingine, na simgombezi, lakini hata yeye atakumbuka Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ikawa ya kusuasua nchi nzima. Waliokuwa na nyimbo kwenye kadi hawakuona tofauti yoyote barazani mwao.

Vibao vya bluetooth na flashi vinanivutia kwa bei, na siwezi kumlaumu anayevinunua. Tatizo si bluetooth yenyewe. Njia ya msingi ya kubana sauti ambayo vifaa vyote vya bluetooth vya muziki huwa nayo, iitwayo SBC, hufikia kilobiti 328 hivi kwa sekunde, na kwa spika za kawaida barazani, huku upepo wa bahari ukivuma na bajaji zikipita, hakuna sikio litakalolalamika. Tatizo ni mwenendo wa vibao hivyo. Vingi husoma flashi zilizoandaliwa (format) kwa mfumo wa FAT32 pekee, na hupiga nyimbo kwa mpangilio wa zilivyonakiliwa, si kwa majina yake wala kwa albamu, kwa hiyo taarabu inafuatwa na mahubiri, na mahubiri yanafuatwa na singeli. Kuutafuta wimbo mmoja kati ya mia tano kwa kubonyeza kitufe cha mbele ni adhabu. Na umeme ukikatika ukarudi (gesi ya Mnazi Bay inachimbwa hapa hapa kwetu, lakini umeme haujaacha kukatika), baadhi ya vibao huwaka vyenyewe na yule dada ambaye sauti yake imerekodiwa ndani ya kibao hutangaza kwa Kiingereza, kwa sauti ya kuamsha mtaa, kwamba bluetooth iko tayari.

Deki ya DVD iliyowekwa kando inastahili heshima zaidi ya inayopewa. Mashine hizo zilitengenezwa kutoa sauti yenye nguvu ya kutosha kwa amplifaya, husoma CD za kawaida na CD za MP3, nyingi zina tundu la flashi, na waya wake mwekundu na mweupe huingia moja kwa moja nyuma ya amplifaya ya zamani. Mwenye sanduku la CD zake halisi sina sababu ya kumshauri kitu kingine. Udhaifu wake ni kwamba bila runinga huoni orodha ya nyimbo, na kwamba lenzi na mota zake hazipendi vumbi wala hewa ya chumvi. Kwa mtu wa Shangani au wa Lindi karibu na ufukwe, kifaa kisicho na sehemu zinazozunguka kina nafasi kubwa zaidi ya kudumu.

Turudi kwenye simu. Kazi ya kuiandaa ni ndogo, lakini usipoifanya utaitupia lawama bure. Futa kila kitu, iweke katika hali ya ndegeni, zima milio yote, kisha weka programu ya kupiga muziki isiyohitaji intaneti. VLC ni ya bure na inasoma karibu kila aina ya faili. Sauti ya simu ipandishwe karibu na mwisho, na kuongeza au kupunguza kufanyike kwenye amplifaya, kwa sababu simu hutoa volti ndogo kuliko deki ya CD, ambayo kwa desturi hutoa volti 2, na ukiipunguza simu halafu ukaipandisha amplifaya utakuza pia mvumo wa waya. Zile tarakimu na mistari ya kurekebisha besi ndani ya simu zizimwe. Kama unataka besi, amplifaya ina kitufe chake.

Kuna jambo moja ambalo huwakatisha tamaa wengi: simu ikichajiwa huku imeunganishwa na amplifaya, spika huanza kunguruma au kutoa mlio mwembamba kama wa mbu. Simu haijaharibika, na amplifaya ni nzima. Waya wa chaja na waya wa sauti vimefungua njia mbili za umeme kati ya vifaa hivyo, na uchafu wa umeme kutoka kwenye chaja ya bei rahisi unapitia humo hadi kwenye spika. Dawa ya kwanza ni kubadilisha chaja. Dawa ya hakika, isiyo na gharama, ni kuichaji simu wakati muziki umezimwa. Mimi napendelea hii ya pili hata pasipo mngurumo, kwa kuwa simu inayoachwa kwenye chaja mchana na usiku, hasa katika joto letu la Desemba, mwishowe betri yake inaweza kuvimba, na betri iliyovimba si kitu cha kuwekwa juu ya meza ya mbao karibu na watoto.

Sehemu inayohitaji uangalifu kuliko zote si kifaa, bali ni nyimbo zenyewe. Watu hutumia muda mwingi kubishana juu ya amplifaya, kisha wanakwenda kwenye kibanda cha kuweka nyimbo na kujaziwa kadi ya faili ambazo zimetolewa YouTube, zikabanwa, zikatumwa kwa WhatsApp, zikabanwa tena, hadi matoazi yanasikika kama mchele unaomwagwa kwenye sinia. Hakuna spika inayoweza kurudisha kilichokwisha kutupwa. CD hubeba kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 ya kilobiti 320 hutupa sehemu kubwa ya hizo, lakini iliyotengenezwa vizuri kutoka kwenye CD halisi ni vigumu kuitofautisha nayo kwa spika za kawaida. Ile ya kilobiti 64 haihitaji ufundi wowote kuitambua. Mwenye CD zake na kompyuta, hata ya kuazima, azihamishe kwa muundo wa FLAC, ambao haupotezi chochote na ambao Android imekuwa ikiusoma tangu toleo la 3.1 la mwaka 2011. Nafasi si tatizo tena. Kadi ya gigabaiti 32 hubeba zaidi ya saa 200 za MP3 za kilobiti 320, na ni wachache wenye nyimbo nyingi kiasi hicho wanazozipenda kweli.

Hapa napenda kuwatetea wapenzi wa muziki wa dansi, ambao huambiwa kwamba vifaa vya bei ndogo vitawanyima utamu. Bendi nyingi za miaka ya 1970 zilirekodi katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, nyingi kwa chaneli moja, na gitaa za akina Mbaraka Mwinshehe zilitufikia kwa miaka mingi kupitia redio za betri. Simu ya zamani yenye faili safi itazipa rekodi hizo zaidi ya zilivyowahi kupewa nyumbani. Tatizo la rekodi hizo ni kupata nakala nzuri, na hapo ningetumia fedha zangu kabla ya kununua kifaa kingine chochote.

Kuhusu redio ya kawaida, usiitupe. Simu nyingi za zamani za bei ya chini zina FM ndani yake, nayo hutumia waya wa hedifoni kama antena. Waya unaokwenda kwenye amplifaya hufanya kazi hiyo hiyo, hivyo TBC Taifa na Safari FM hupatikana kwenye kifaa kile kile bila bando. Kama sauti inakwaruza, jaribu waya mrefu zaidi au usogeze simu dirishani kabla ya kukata tamaa.

Anayekwenda kuitafuta simu ya namna hii kwa mafundi wa sokoni asishawishiwe na jina wala na ukubwa wa kioo. Simu nyingi za bei kubwa zimeondolewa tundu la hedifoni, mtindo ambao Apple iliuvumisha kwa iPhone 7 mwaka 2016, ilhali Tecno na itel za bei ya chini zimeendelea kuwa nalo kwa muda mrefu. Nenda na waya wako na kadi yako yenye nyimbo unazozifahamu. Mwombe fundi aiunganishe na spika yoyote aliyonayo, kisha uuzungushe waya polepole ndani ya tundu huku wimbo unaendelea. Upande mmoja ukikatika, au ukiona rangi ya kijani ya kutu ndani ya tundu, mrudishie na uombe nyingine.