SACCOS ya Walimu 900 Haihitaji Klasta

Jumanne iliyopita nilikaa saa mbili na nusu kwenye kikao cha bodi ya SACCOS moja ya walimu, mkoa siutaji. Mjumbe mmoja alikuwa amemleta mshauri, naye akatueleza kwamba mfumo wao wa mikopo haujakomaa kwa sababu unapandishwa kwenye seva kwa SSH, yaani njia iliyosimbwa ya kuiamuru seva ya mbali kwa maandishi. Ukutani alionyesha mchoro wa visanduku 12 na mishale kila upande, katikati pameandikwa Kubernetes, programu ya kuongoza klasta, yaani kundi la seva zinazofanya kazi pamoja, na chini kabisa gharama ya mwezi kwa dola. Mweka hazina, mama aliyefundisha hisabati miaka 30, alivuta kikokotoo, akageuza zile dola kuwa shilingi, akaandika jibu kwenye pembe ya daftari, akalifunga. Hakusema neno.

Mfumo huo nimeujenga mimi na ninauhudumia mimi. Atakayesema nina maslahi hapa hajakosea. Lakini nimeshindwa kunyamaza.

Wanachama ni 900 na ushee. Siku za mishahara, mfumo ukiwa umeelemewa kweli kweli, wanaingia watu 60 au 70 kwa saa. Seva ni moja ya kukodi, RAM gigabaiti 4, na ndani yake zinakaa kontena tatu, yaani vifurushi vya programu vinavyojitegemea: programu yenyewe, databesi ya PostgreSQL, na Caddy anayekaa mlangoni kushughulikia HTTPS. Mtu hujikuna ajipatapo, na SACCOS hii inajikuna pale mkono unapofika. Kuiambia inunue klasta ya seva tatu, isawazishe mzigo ambao haupo, halafu iajiri mtu wa kuiangalia hiyo klasta, ni kuchukua michango ya walimu na kuipeleka mahali ambapo haitamsaidia mwalimu hata mmoja.

Mshauri alisema SSH ni teknolojia ya zamani. Ni ya zamani, naam. Mfini aitwaye Tatu Ylönen aliiandika mwaka 1995 kwenye Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, baada ya watu kunasa nywila zilizokuwa zikipita wazi kwenye mtandao wa chuo. Tangu wakati huo imeshambuliwa na kila mwenye akili ya kushambulia, imezibwa, imeandikwa upya, na leo seva nyingi za Linux duniani zinafunguliwa kwa hiyo hiyo. Docker, chombo cha kujenga na kuendesha kontena, ilipotangazwa mwaka 2013, haikuja kuifuta SSH. Tangu toleo la 18.09 la mwaka 2018, Docker yenyewe inajua kuongea na seva ya mbali kupitia SSH bila kuongezewa kitu. Na kampuni ya 37signals, wenye Basecamp na HEY, walipoamua kuhamisha programu zao kutoka kwenye mawingu ya kukodi, mwaka 2023 walitoa chombo chao kinachoitwa sasa Kamal. Kazi yake ni kupeleka kontena kwenye seva kwa SSH. Wale wana watumiaji wengi kuliko SACCOS zote ninazozijua zikiwekwa pamoja.

Sasa niseme jinsi ninavyofanya, maana kwenye kikao sikupewa nafasi.

Njia nyepesi kuliko zote ni mstari mmoja:

docker save mikopo:3f9c2a1 | gzip | ssh seva docker load

Imeji, yaani kifurushi ambacho kontena huwashwa kutoka kwacho, inatoka kwenye laptopu, inabanwa, inapita kwenye SSH, inatua kwenye seva. Haipiti ghala la mtu yeyote katikati. Ubaya wake ni kwamba inabeba kila kitu kila mara, hata vile ambavyo seva inavyo tayari. Kwa mtu anayenunua bando, hilo si jambo dogo. Kwa hiyo mimi huwasha ghala dogo la imeji kwenye laptopu yangu mwenyewe, kwenye poti 5000, nasukuma imeji humo, kisha naifungulia seva njia ya kurudi kwangu:

ssh -R 5000:localhost:5000 seva docker pull localhost:5000/mikopo:3f9c2a1

Seva inadhani ghala liko humo humo ndani, kumbe liko kwenye meza yangu, na inavuta tabaka za imeji ambazo haina, basi. Ukiwa umeandika Dockerfile, lile faili la maelekezo ya kujenga imeji, kwa mpangilio mzuri, yaani maktaba zinasakinishwa kwanza na msimbo wako unanakiliwa mwisho, kinachobadilika siku hadi siku ni lile tabaka la juu tu.

Thamani ya mpangilio huo niliijua Mei 2024. Jumapili ya tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja, na Tanzania tulikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Kila mtu anakumbuka wiki ile: WhatsApp inazunguka, picha haifunguki, ofisi zimekaa. Jumatatu asubuhi mweka hazina alinipigia. Hesabu ya riba kwa waliolipa mapema ilikuwa inatoka vibaya, na walimu walikuwa wamekaa foleni ofisini na hati zao mkononi. Kosa lenyewe lilikuwa mistari miwili ya msimbo. Imeji nzima ilikuwa megabaiti 380. Tabaka lililobadilika lilikuwa megabaiti 2 na kitu.

Seva iko Ulaya. Nilikaa nikitazama ile alama ya maendeleo kwenye skrini nyeusi ikisogea kilobaiti kwa kilobaiti, nikiwa nimeunganisha simu mbili za mitandao tofauti ili moja ikizimika niihamie nyingine. Ilikatika mara mbili, nikarudia amri ile ile. Mara ya tatu ikafika. Dakika 19, toka kosa kurekebishwa hadi toleo jipya kuwa hewani. Ningekuwa nategemea mtambo wa kujenga imeji ulioko nje, unaosukuma kwenye ghala lililoko nje, halafu klasta iliyoko nje ije iniulize mimi ruhusa kupitia dashibodi nzito ya kwenye kivinjari, wale walimu wangerudi nyumbani. Dashibodi zile hazikufunguka kwangu wiki nzima. SSH inapitisha herufi. Herufi zilipita.

Hicho ndicho ninachotaka bodi ielewe. Mfumo wa mahali petu ujengwe kwa kuangalia mtandao wa mahali petu, na mtandao wetu kuna siku unabaki uzi mwembamba.

Kubernetes ina mahali pake, sitakataa. Google waliifungua mwaka 2014 kutokana na waliyojifunza wakiendesha mashine kwa maelfu, na neno lenyewe ni la Kigiriki, maana yake nahodha. Benki yenye matawi nchi nzima au mtandao wa simu unamhitaji nahodha huyo, na una watu wa kukesha naye. Nakubali pia kwamba seva yangu ni moja, na siku ikifa imekufa. Ndiyo maana nakala ya databesi inatoka kila usiku kwenda mahali pengine, na mara moja kwa mwezi nairudisha kwenye mashine tupu kuona kama kweli inafunguka. Na SSH nayo si malaika: Machi 2024 mlango wa siri ulikutwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, umelengwa kwenye SSH, na mhandisi Andres Freund aliugundua kwa sababu kuingia kwenye mashine kulichelewa nusu sekunde. Sasisha seva zako.

Lakini kama mshauri alitaka kuzungumzia hatari, angezungumzia zile zinazotuumiza kweli. Docker huandika kanuni zake yenyewe kwenye iptables, ukuta wa mtandao wa Linux. Unaweza kuwasha ufw, chombo cha kuuendesha ukuta huo, ukafunga kila kitu, ukalala kwa amani, kumbe kwenye faili la compose, la kuwashia kontena, umeandika 5432:5432, poti ya PostgreSQL, na databesi yako iko wazi kwa dunia nzima. Nimeitwa kwenye duka la dawa lililokuta majedwali yote yamefutwa na limebaki jedwali moja lenye ujumbe wa kudai Bitcoin. Mwenye duka alikuwa ananitazama usoni nikisoma ule ujumbe, akisubiri nimwambie kuna namna. Haikuwepo. Andika 127.0.0.1, anwani ya mashine yenyewe, mbele ya poti, au usiifungue kabisa. Kontena zinaonana zenyewe kwa ndani. Zima kuingia kwa nywila, tumia funguo. Kijana akiacha kazi, futa mstari wake kwenye authorized_keys, faili la funguo zinazoruhusiwa, siku hiyo hiyo. Anayeingizwa kwenye kundi la docker amepewa uwezo wa root, yaani mamlaka yote juu ya mashine, mhesabu hivyo. Na acha kutumia lebo ya latest kwenye imeji. Lipe kila toleo namba yake ya git, kama ile 3f9c2a1, ili siku ya msiba ujue unarudi wapi.

Kinachoniuma kuliko gharama ni vijana. Ninaye mmoja ninayemfundisha, amemaliza diploma mwaka jana, ana mkono mzuri. Wiki hii kaniuliza, sauti ya chini, "Kaka, nikiandika kwenye CV kwamba napandisha kwa SSH, si wataniona wa kizamani?" Kijana huyu anajua kusoma logi. Anajua kwa nini kontena inakufa na exec format error, kwamba imeji imejengwa kwa kichakataji cha ARM na seva ni ya x86. Anaweza kueleza kila hatua kati ya laptopu yake na skrini ya mwalimu aliyeko kijijini. Halafu tunamwambia aone aibu, akajifunze kubandika mafaili ya YAML, ya mipangilio ya Kubernetes, ambayo hata aliyeyaandika hawezi kuyaeleza yakigoma saa nane usiku. Nimemwambia aandike, na aandike juu kabisa.

Baada ya kikao, mweka hazina alinifuata nje chini ya mwembe. Hakuuliza habari za visanduku. Aliuliza swali moja, na ndilo lilikuwa swali zito kuliko yote yaliyosemwa mle ndani: "Mwanangu, na wewe ukiugua?"

Nilimjibu kwamba hatua zote zinaenea kwenye karatasi moja ya A4. Jana nimeipeleka. Ina amri za kupandisha, amri ya kurudisha toleo la nyuma, jinsi ya kurejesha nakala ya databesi, na mahali ulipo ufunguo wa akiba, uliofungwa kwenye bahasha yenye sahihi ya wajumbe wawili. Iko kwenye droo yake.

Alhamisi bodi inakaa tena, na nimeomba dakika 10. Kwenye kiti cha mbele atakaa yule kijana. Mimi nitakaa nyuma, mikono juu ya magoti. Atafungua droo, atatoa karatasi, atafuata mstari kwa mstari mpaka toleo jipya la ripoti ya marejesho liwe hewani, kisha atalishusha na kulirudisha la zamani. Mama atakuwa ameshika saa.