Daftari la matibabu la mama yangu

Mama yangu ana daftari la matibabu la kurasa arobaini, na ndani yake mna vipimo saba vya presha vilivyoandikwa kwa miandiko sita tofauti, katika zahanati mbili na kituo kimoja cha afya kati ya Tandika na Mtoni, Dar es Salaam. Katika vyote saba namba ya juu inazidi 160, yaani presha iliyopanda sana. Nililisoma nilipokuwa likizo nyumbani, nikiwa nimeketi naye barazani, na nikatambua kwamba kila aliyempima alianza ukurasa mpya bila kufungua ule uliotangulia.

Mama mwenyewe hana lalamiko. Alipokewa kwa lugha nzuri, foleni haikuwa ndefu kwa kuwa wazee hutangulizwa, na mara nyingi dirisha la dawa lilikuwa na vidonge. Hivyo ndivyo vigezo vyake, na sivipuuzi, kwa sababu nakumbuka miaka ambayo mgonjwa alifokewa mbele za watu kisha akaandikiwa dawa za kwenda kununua nje. Hata hivyo, mgonjwa wa presha anaweza kupata hayo yote mazuri mara saba na bado akaishia kupooza upande mmoja.

Ninaishi Reading, magharibi mwa London, na ndugu hunitarajia niseme kwamba huko kila kitu ni bora. Sivyo. Kila mkazi hujiandikisha kwa daktari wa mtaani kwake, na zahanati hizo hukaguliwa na chombo kiitwacho Care Quality Commission, ambacho huuliza kama huduma ni salama, kama inaleta matokeo, kama wahudumu wanajali, kama inakidhi mahitaji ya watu na kama uongozi ni mzuri, kisha hutoa daraja mojawapo kati ya manne. Daraja hilo ni lazima libandikwe mahali ambapo mgonjwa ataliona. Zahanati yetu ya Reading imeandikwa kuwa ni nzuri. Lakini mwanangu alipougua sikio nilipiga simu saa mbili kamili asubuhi, nikasubiri, na nilipopokewa nikaambiwa nafasi za siku hiyo zimekwisha. Kwa tatizo hilo hilo, Tandika angekuwa ameonwa kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo siamini kwamba karatasi ya ukutani inatosha kumweleza mtu ubora wa mahali anapotibiwa.

Ninachokithamini huko ni kitu kisichoonekana ukutani. Presha yangu ilipokutwa juu, jina langu liliingia katika orodha ya wenye presha wa zahanati ile, na tangu hapo orodha hiyo ndiyo inayonitafuta: ujumbe wa simu wa kuniita nipimwe, kipimo cha damu cha kuangalia figo, na muuguzi anayeuliza kwa nini sikufika. Tangu mwaka 2004 sehemu ya malipo ya zahanati hizo imefungamanishwa na matokeo kama hayo, kwa mfano ni wagonjwa wangapi wa presha walio chini ya miaka 80 ambao kipimo chao cha mwisho hakikuzidi 140 kwa 90. Takwimu za kila zahanati hutangazwa, na mtu yeyote anaweza kuzisoma.

Kwetu nako hatukukosa upimaji. Mwaka 2015 serikali ilianza kuvipa vituo vya msingi nyota, kuanzia sifuri hadi tano, na lengo lilikuwa vingi vifikie angalau tatu. Katika vituo vitatu nilivyopita na Mama sikuiona nyota yoyote ikiwa imebandikwa, na hakuna mgonjwa niliyezungumza naye aliyejua kituo chake kilipata ngapi. Tathmini ambayo mgonjwa haijui haimsaidii kuuliza chochote.

Najua jibu litakalokuja: wahudumu ni wachache na wagonjwa ni wengi. Ni kweli, na sitaki tabibu anayehudumia umati asubuhi nzima alaumiwe kwa kutofungua ukurasa wa nyuma. Lakini kumfuatilia mgonjwa si jambo geni kwetu. Katika kliniki za CTC, mtu anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU ana kadi, ana tarehe ya kurudi, na asipoonekana kuna anayetumwa kumtafuta mtaani. Kliniki ya watoto inajua uzito wa mtoto mwezi hadi mwezi. Ujuzi huo umo katika majengo yale yale anamotibiwa Mama, mlango wa tatu au wa nne kutoka anapopimiwa presha, na kwa kuanzia rejista ya wenye presha haihitaji zaidi ya kaunta buku na mtu mmoja aliyepewa jukumu la kuisoma kila wiki.

Kabla ya kuondoka nilimpeleka Mama katika kituo cha afya, nikamwomba tabibu, kwa heshima zote, aangalie kurasa zote saba kwa pamoja. Alizitazama kimya, akabadilisha dawa, akachora jedwali katika ukurasa wa mwisho: tarehe, kipimo, dawa, siku ya kurudi. Mama alirudi Jumanne iliyofuata, nami nikiwa nimekwisha kusafiri. Alinisimulia kwa simu kwamba alimkuta tabibu mwingine, na kwamba huyo alisoma jedwali lote kwanza ndipo akamfunga mashine mkononi.