Mume na mke jikoni: hoja za Kigoma na uzito wake

Kigoma hakuna asiyejua kwamba mwanamume anaweza kupika. Wavuvi wanaolala kambini kando ya Ziwa Tanganyika hujisongea ugali na kujiungia samaki aina ya migebuka kwa mawese. Wakaanga chipsi wa jioni ni vijana wa kiume. Ugumu unaanza pale mwanamume huyohuyo anapotakiwa kushika mwiko uani kwake, mkewe akiwepo na jirani akiona.

Wanaopinga mume kupika na mkewe husema mvuvi hana muda. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, naye hurudi alfajiri akiwa hoi. Ni kweli, ila si siku zote. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti dagaa, na wengi hukaa nyumbani. Mwaka 2024 uvuvi ulisitishwa ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi hiyo uchovu wa usiku haukuwa sababu tena. Isitoshe, mume anapolala mchana, mara nyingi mke yuko juani anageuza dagaa. Jioni wote wawili wamechoka, lakini mmoja tu ndiye anayewasha jiko.

Hoja nzito zaidi ni ya wanawake wenyewe. Wengi watakwambia jikoni ndipo pekee ambapo neno lao ni la mwisho. Mume akiingia anaanza kuuliza: mawese yameishaje? Unga wa juzi uko wapi? Alikuja kusaidia, sasa anakagua. Mwanamke anayemwambia mumewe "wewe kaa, nitakuletea" huenda analinda mamlaka aliyonayo, na sioni haki ya kumcheka.

Hata hivyo, kinachomlemea si zile dakika za kusonga. Muhogo mchungu huloweshwa siku kadhaa upungue sumu, ukaanikwa, ukapelekwa mashine. Kuna maji, mkaa, kupara samaki, masufuria ya kusugua, na kuwaza kesho watoto watakula nini. Mume anayekuja mwishoni kukoroga mboga, wageni wakamsifu, hajapunguza chochote. Kwangu mimi, anayenunua mkaa bila kukumbushwa na kuosha vyombo usiku ndiye anayepika na mkewe, hata kama hajawahi kuonja chumvi.

Tena kazi hii thamani yake imeshatambuliwa. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ikitafsiri Sheria ya Ndoa ya 1971, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Na kwa anayesema dini inamkataza mume, waumini wa Ujiji wanaijua hadithi ya Bi Aisha: Mtume alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali.

Linalobaki ni mama mkwe, na hapa ndipo wanandoa wengi wanaposhindwa. Akimkuta mwanawe anamenya muhogo, lawama zinamwendea mkamwana: amemroga, amemkalia. Mke hawezi kujitetea bila kuonekana mkaidi. Mwana ndiye anayepaswa kusema, tena mbele ya mkewe: "Mama, nimeamua mwenyewe." Asiyeweza kulitamka hilo asimwite mkewe wapike pamoja siku mama yupo, kwa sababu atakayelipa ni mke.